Unakodi boti, hukodi bahari

Wadogo zangu, safari hii meza yangu imejaa barua za likizo. Bibi harusi mtarajiwa anataka fungate ya baharini. Kikundi cha marafiki kutoka Arusha wamechanga pesa, wanataka kuteremka Tanga wakodi boti yao peke yao, waende kutazama samaki kwenye matumbawe bila kubanwa na abiria wengine. Mama wa watoto wawili ananiuliza kama asiyejua kuogelea naye anaweza kwenda. Na wote, bila hata kuambizana, mmeanza na swali moja: Dada, bei gani?

Bei tutaifikia. Lakini mkianza na bei, mtapata boti ya bei mnayoitaka, basi. Hamtapata siku njema. Boti ni yako kwa sababu umelipia, ila upepo na maji havikupokea pesa yako. Kwa hiyo tuanze na vile visivyokodishwa.

Mnakwenda wapi hasa?

"Tanga" ni mwambao mrefu, na kila kisiwa kina kazi yake. Kisiwa cha Toten kiko hapo hapo kwenye ghuba ya mji, mwendo mfupi tu. Kina mikoko, ndege na magofu ya misikiti ya kale. Ni pazuri kwa mwenye muda mdogo au watoto wadogo, lakini usitarajie maji maangavu, kwani ghuba ya bandari haina sifa hiyo. Ulenge, kaskazini ya mji, una matumbawe na mabaki ya majengo ya Wajerumani. Jambe kiko kusini, chafaa kwa wanaolala mjini na wanataka kwenda mbali kidogo.

Wengi wenu, ingawa hamkulitaja jina, picha mlizoziona ni za Maziwe. Hicho hakiko Tanga mjini. Kwanza mtakwenda Pangani, kama kilomita 50 kusini, au ng'ambo ya mto hadi Ushongo, ndipo mpande boti. Maziwe ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wengi wakipanda pale kutaga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na bahari imekila. Leo ni fungu la mchanga mweupe linalotokea maji yakipwa na kuzama maji yakijaa. Kasa bado wanakuja. Kwa kuwa mayai yakiachwa pale yatafunikwa na maji, walinzi wa kasa huyahamishia ufukweni Ushongo, yanakokaa kama siku 60 hadi yaangue. Mkifika Ushongo ulizeni kama kuna kiota kinachokaribia kuangua. Kuwaona vitoto vya kasa wakiteremka majini hakuhitaji hata kulowa.

Na silikanti? Mmoja wenu ameuliza kama atamwona. Mdogo wangu, samaki huyo wa kale, ambaye wataalamu walidhani ametoweka hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga mwanzoni mwa karne hii. Kwa ajili yake ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Lakini anaishi kwenye vina virefu vyenye giza. Kwa miwani na mrija humwoni, na anayekuahidi kukuonyesha usimpe arubuni yake.

Kalenda ya mwezi kwanza, kalenda ya ofisi baadaye

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Watu wanachagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi. Bahari haina wikiendi.

Angalia tarehe za mwezi unaoandama. Mwezi mosi hadi mwezi tatu, na tena mwezi kumi na nne hadi kumi na saba, ni siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwenye mwambao wetu, siku hizo maji huwa yamekupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo asubuhi ya Maziwe. Mnatoka mapema, mnakuta fungu liko wazi, mnakaa, mnaondoka kabla maji hayajarudi kulidai. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo siku tatu tu baadaye hesabu ni nyingine. Wiki moja baada ya bamvua ni maji mafu. Asubuhi bahari imejaa, na fungu mlilolifuata huenda mkalikuta dogo au msilikute.

Lakini msiyadharau maji mafu. Siku za bamvua mkondo huwa na nguvu kwa sababu maji mengi yanapita kwa muda ule ule. Siku za maji mafu mkondo hulegea, na kwa mtu anayevaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza, huo ni unafuu mkubwa. Kwa hiyo amueni: mnataka mchanga wa kupigia picha, au mnataka utulivu wa kutazama matumbawe? Mkitaka vyote, nendeni siku za bamvua, lakini ingieni majini ule wakati maji yamesimama, kabla hayajageuka.

Kisha upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta maji maangavu, lakini mchana huweza kuvuma kwa nguvu. Kusi ya Juni hadi Agosti huchafua bahari na kuitia mawimbi. Wakati wa masika, Mto Pangani, unaokusanya maji tangu Kilimanjaro na Meru, humwaga tope lake baharini, na anayeogelea karibu na mdomo wake ataona kahawia tu. Oktoba na Novemba, pamoja na ule utulivu kabla ya masika, ni vipindi vizuri. Msimu wowote ule, tokeni asubuhi. Boti inayoondoka saa sita mchana kwa sababu mlikuwa mnasubiri mwenzenu aliyechelewa kuamka inarudi na upepo wa alasiri usoni.

Nahodha kabla ya boti

Msikodi chombo kwa uzuri wa rangi. Ulizia mtu. Waulizeni wenyeji wa nyumba mnayolala, waulizeni wachuuzi wa samaki sokoni, ni nahodha gani huwa anakataa kutoka bahari ikichafuka. Huyo anayekataa ndiye mnayemtaka. Anayekubali kila kitu, "hakuna shida dada, twende tu," mkwepeni.

Januari 2017 boti iliyotoka Tanga kwenda Pemba ilizama karibu na Jambe, na watu zaidi ya kumi wakafa. Sisemi haya kuwatia hofu. Nasema ili mtu asione haya kuuliza maswali akiwa bado amesimama mchangani:

Jaketi okozi ziko ngapi? Zihesabuni nyinyi wenyewe, moja kwa kila kichwa, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akishaingia majini.

Chombo kina leseni ya kubeba abiria? Vyombo vidogo hukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na mwenye cheti hakasiriki akiombwa kukionyesha.

Injini ikizimika, kuna nini? Jibu liwe injini ya pili, tanga au makasia, pamoja na simu yenye chaji. "Haizimiki" si jibu.

Boti inachukua watu wangapi? Mkiambiwa wanane, msiwe tisa kwa sababu shemeji kajitokeza asubuhi. Kwenye boti ya kukodi, vishawishi vya namna hii vinatoka kwenu wenyewe, kwa kuwa mnaona ni yenu.

Na kabla ya kuondoka, mwambie mtu wa nchi kavu mnakwenda wapi, na nani, na mtarudi saa ngapi. Kwa saa za Kiswahili au za Kizungu, mradi muelewane.

Sasa tuje kwenye pesa

Boti ya kukodi hupatanwa kwa chombo, si kwa kichwa. Ukitajiwa bei, usikimbilie kuomba ipunguzwe. Uliza imebeba nini. Petroli imo? Miwani na mrija vimo? Chakula na maji ya kunywa? Kiingilio cha eneo tengefu? Hicho cha mwisho ndicho kinachozua ugomvi mchangani. Kiingilio ni cha serikali, mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo yake yana namba ya kumbukumbu na risiti. Ukiambiwa "nipe mimi nitapeleka," jibu kwa upole kwamba utalipa mwenyewe.

Toa arubuni ya kutosha kununulia mafuta, iliyobaki ulipe mkirudi. Na mkubaliane tangu mwanzo: bahari ikichafuka asubuhi hiyo, tarehe inasogezwa na arubuni haipotei. Nahodha ambaye arubuni yake inaliwa na hali ya hewa atashawishika kutoka hata siku asiyopaswa kutoka. Mkataba mzuri unamlinda yeye na nyinyi pia. Ukimbana bei hadi mwisho, atapunguza mafuta, na hapo umejibana mwenyewe.

Nguo, mwili na mambo yetu

Hapa wanaume wanaweza kuruka aya. Dera na baibui havifai majini. Hujaa maji, huwa vizito na hufunga miguu. Vaa suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu, kisha kanga mbili ziwe pembeni kwa kutokea. Sitara inabaki, na jua la mgongoni halikupati. Anayejifunika kichwa avae hijabu ya kubana. Mkanda wa miwani upite juu yake, lakini kitambaa kisiingie kati ya raba na uso, vinginevyo maji yatapenya. Nywele za mbele nazo zirudishwe nyuma. Temea mate kidogo ndani ya kioo, sugua, suuza, hakitafanya ukungu. Bangili, pete na mikufu ibaki nyumbani.

Maziwe hakuna kivuli wala choo. Bebeni mwavuli au turubai, maji ya kunywa ya kutosha, na machungwa ya Muheza, ambayo yanashinda soda jua likiwa kali. Anayeogopa kichefuchefu ale kidogo asubuhi, atafune tangawizi, akae katikati ya boti na atazame mbali, si kwenye simu.

Kwa mama yetu asiyejua kuogelea: unaweza kwenda. Jifunze kupumua kwa mrija maji yakiwa kiunoni, ufukweni, siku moja kabla. Ukifika kwenye matumbawe vaa jaketi, lala kifudifudi, shika boya au mkono wa baharia, usihangaike na miguu. Jaketi halitakuzuia kuona. Pono, tasi na kangaja wanapita chini yako hapo hapo. Ila usikubali kuingia peke yako, na usiwaachie watoto "mjomba wa boti" huku ukipiga picha.

Adabu ya mgeni

Matumbawe ni viumbe hai. Hayakanyagwi, hayashikwi, na nanga haitupwi juu yake. Mwombe nahodha afunge kwenye boya au atie nanga mchangani. Mwambao huu umeteseka miaka mingi na uvuvi wa baruti, na baadhi ya miamba bado ni kifusi. Mahali mnapoona rangi na samaki ni mahali ambapo wavuvi wa vijiji vya jirani wamekubali kutovua. Wao wametoa riziki yao. Wewe unaombwa kuzuia miguu yako tu.

Ukimwona kasa, mwache apumue. Usimkimbize wala kumshika. Kiti cha pweza si pambo la kuwekwa tumboni kwa ajili ya picha. Kombe na simbi za eneo tengefu haziokotwi, na taka mlizokuja nazo mrudi nazo zote.

Mkirudi salama, mpe nahodha na mabaharia wake bakshishi mkononi na neno la shukrani. Wao ndio waliokesha wakihesabu maji ili nyinyi mcheke.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, kwa hiyo msifuate tarehe ya rafiki yenu aliyekwenda mwaka jana akafurahi. Angalieni mwezi wenu, upepo wenu na nahodha wenu. Na asubuhi ile, mkiwa mmeshavaa na mmeshalipa, nahodha akitazama bahari akasema "leo siendi," msibishane naye. Mwambieni ahsante, kaleni pweza Pangani, mrudi siku nyingine.