Kuitambua chapa ya kwanza ya riwaya zetu za zamani

Msimu wa korosho uliopita nilikaa nusu siku barazani kwa mwalimu mstaafu hapa Kitangari, sanduku lake la bati likiwa wazi katikati yetu. Juu kabisa ilikuwepo Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Nikafunua ukurasa wa haki, nikaona 1965, moyo ukanidunda. Nililipa bila kuomba kupunguziwa. Usiku, karibu na taa, ndipo nikausoma mstari wa chini yake: kimepigwa chapa tena.

Mwaka ulio kando ya alama ya hakimiliki ni wa kazi ya mwandishi. Kitabu hata kikirudi mtamboni mara kumi, mwaka huo haubanduki. Kwa hiyo soma ukurasa ule mpaka chini. Mara nyingi maelezo yake ni ya Kiingereza hata kama riwaya ni ya Kiswahili. Tena usichanganye toleo na chapa. Chapa ya nne ya toleo la kwanza bado ni toleo la kwanza, na muuzaji akikwambia hivyo hajakudanganya. Wewe muulize chapa.

Ukurasa huo ukiwa umechanika, mtazame mchapishaji. Simu ya Kifo, kama Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla (1960) na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ilitolewa kwanza na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 na kuvunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Jina likiwa Kenya Literature Bureau, hiyo ni chapa ya baadaye. ISBN nayo husema: nakala ya 1960 au 1965 haiwezi kuwa nayo, na ile ya tarakimu 13 ilianza rasmi mwaka 2007.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kiko nyuma ya kitabu, kwenye orodha ya vitabu vingine vya mchapishaji. Simu ya Kifo inayotangaza kwamba Rosa Mistika inapatikana madukani haikuchapwa 1965, jalada liwe na sura gani. Inasikitisha kwamba kurasa hizo za mwisho ndizo watu huchana kwanza, kwa hesabu za duka au kusokotea sigara. Tafadhali tuziache.

Mihuri ya maktaba wengi huiona uchafu. Mimi huitafuta. Tarehe ya kuazimwa haitaji chapa, lakini huweka ukomo: kitabu kilichoazimwa Machi 1972 hakikuchapwa 1975. Nilipomrudia mwalimu nikiwa na maswali haya, alitoa Rosa Mistika isiyo na jalada, imeliwa na mchwa pembeni. Ukurasa wa haki ulikuwa mzima: mwaka 1971 peke yake, na chini yake karatasi tupu.

"Hiyo chukua, mwanangu," akasema. "Ile nyingine ulinilipa kupita kiasi."