Kadi ya Kumbukumbu ya Kamera: Ujazo Wake na Maana ya Kuifomati

Mtu anunuaye kadi ya kumbukumbu iliyopigwa chapa ya 32 GB, kisha akaichomeka katika kompyuta, aghalabu hupatwa na mshangao. Kompyuta humwarifu kwamba kadi hiyo, ambayo bado haijatiwa picha hata moja, ina ukubwa wa 29.8 GB tu. Je, gigabaiti mbili na zaidi zimekwenda wapi? Si ajabu muuza duka akaitwa mwizi kwa sababu hiyo. Jibu litolewalo mara nyingi, yaani kwamba nafasi hiyo “imeliwa na fomati”, si sahihi, na mwanafunzi wa sekondari aweza kulikanusha kwa kalamu na karatasi.

Hesabu mbili za kitu kimoja

Baiti ni kundi la biti nane, na kila biti ni ama sifuri ama moja. Katika vipimo vya metriki kilo ni elfu moja, mega ni milioni moja, na giga ni bilioni moja. Mtengenezaji wa kadi hufuata maana hiyo, kwa hiyo GB 32 zake ni baiti 32,000,000,000. Lakini wataalamu wa kompyuta, kwa kuwa mashine zao huhesabu kwa kizio cha mbili, walizoea tangu zamani kuita baiti 1,024 kilobaiti moja, maana 1,024 ni 2 kwa kipeo cha 10. Kwa kilo, tofauti hiyo ni asilimia 2.4 tu. Kadiri vipimo vinavyopanda, nayo hupanda: kwa giga hufika asilimia 7.4, na kwa tera hukaribia 10.

Gigabaiti ya hesabu hiyo ya pili ni 1,024 × 1,024 × 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Gawanya 32,000,000,000 kwa namba hiyo, nawe utapata 29.8. Hakuna kilichopotea. Ni jora moja la kitambaa lililopimwa kwa yadi na fundi huyu, na kwa mita na fundi yule.

Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Elektrotekniki iliamua kwamba kipimo hicho cha pili kiitwe gibibaiti, ili mvurugano uishe. Haukuisha. Kompyuta zenye mfumo wa Windows zingali zikihesabu gibibaiti na kuandika “GB”, hali zile za Apple zilihamia hesabu ya elfu mwaka 2009. Hivyo kadi ileile huonyesha namba mbili katika meza mbili. (Zile diski laini za zamani zilizoandikwa 1.44 MB zilikuwa na mkorogo mbaya zaidi: ukubwa wake ulikuwa 1,440 × 1,024, hesabu mbili katika lebo moja!)

Mahali picha inapokaa

Ndani ya kadi hamna kitu kinachozunguka wala kusogea. Mna kipande cha silikoni chenye mabilioni ya transista ndogo mno. Kila transista ina kisehemu kilichozungushiwa kihami pande zote. Elektroni zikisukumwa humo kwa nguvu ya umeme, hunaswa, na hubaki humo hata kamera ikizimwa. Kuwapo kwa elektroni, na wingi wake, ndiko kunakosomwa kama sifuri na moja. Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba nchini Japani, na ikatangazwa mwaka 1984. Yasemekana jina lake, linalotokana na mmweko wa taa ya kamera, lilipendekezwa na mwenzake, kwa kuwa kumbukumbu hiyo hufutwa kitalu kizima kwa mara moja.

Sifa hiyo ya mwisho yafaa kukumbukwa. Seli moja moja haiwezi kufutwa. Hufutwa kitalu kizima, na kila ufutaji huchakaza kihami kidogo. Kwa hiyo kidhibiti kilichomo ndani ya kadi hutawanya kazi, ili kitalu kimoja kisichoke kabla ya vingine.

Kufomati ni kufanya nini

Ghala lenye maelfu ya magunia halina faida bila daftari la mtunza ghala. Katika kadi ya GB 32, ambayo kwa kawaida hutumia utaratibu uitwao FAT32, nafasi yote hugawanywa katika mafungu, aghalabu ya baiti 32,768 kila moja, na mwanzoni mwa kadi huwekwa jedwali lenye mstari wa baiti nne kwa kila fungu. Jedwali hilo hueleza fungu lipi linafuata lipi katika faili, na fungu lipi ni tupu.

Hapa sasa twaweza kupima ile hoja ya “kuliwa na fomati”. Mafungu ni 32,000,000,000 ÷ 32,768, yaani takriban 976,600. Yakizidishwa kwa baiti nne, jedwali huchukua baiti milioni 3.9; na kwa kuwa huwekwa nakala mbili, jumla ni milioni 7.8. Hiyo ni chini ya picha moja kubwa.

Kufomati, basi, kwa kawaida ni kufungua daftari jipya lisilo na maandishi. Magunia yangali ghalani, ila hakuna ayajuaye. Ndiyo maana kazi hiyo huisha kwa sekunde chache. Hata hivyo ni kali kuliko amri ya “futa zote”: picha zilizofungiwa kwa alama ya ulinzi huponea ufutaji, lakini haziponei fomati.

Mwalimu aliyefomati kwa bahati mbaya kadi yenye picha za mahafali hana budi kuiondoa katika kamera mara moja, asipige hata picha moja ya majaribio, kwa maana picha mpya itaandikwa juu ya mafungu ya zamani. Programu za uokoaji, mathalani PhotoRec ambayo hutolewa bure, hazitegemei daftari. Hupekua kadi zikitafuta alama ambayo kila picha ya JPEG huanza nayo. Hufaulu zaidi ikiwa mafungu ya picha yamefuatana. Basi ni heri kunakili picha zote kisha kufomati kadi ndani ya kamera, kuliko kufuta moja hapa na moja pale kwa miezi, jambo linalotawanya mafungu. Kamera nyingine zina fomati nzito ifutayo vitalu vyote. Hapo hakuna cha kuokoa. Naye auzaye kadi aliyoifomati kwa njia ya kawaida, huenda anauza na picha za jamaa zake.

Picha ngapi?

Kamera ya pikseli 6,000 kwa 4,000 hutoa pikseli milioni 24. Zikiandikwa kwa rangi tatu, baiti moja kila rangi, picha ingekuwa na baiti milioni 72. Mbano wa JPEG huipunguza, pengine hadi milioni 10, na hapo kadi yetu yabeba picha kama 3,200. Picha ya anga tupu hubanika sana. Ya majani ya mwembe hubanika kidogo. Kwa hiyo namba ionyeshwayo na kamera ni makisio tu, wala si ahadi.

Kadi za uongo

Wezi wa kweli wapo. Kidhibiti cha kadi chaweza kufundishwa kusema uongo, na kadi yenye GB 8 ikatangaza kuwa ina 128. Fomati itakubali, kamera itakubali, na picha za kwanza zitafunguka vizuri. Madhara huonekana pale GB 8 zinapojaa: data inayofuata hutupwa, au huandikwa juu ya ile ya mwanzo, huku orodha ya majina ikiendelea kurefuka. Kutazama ukubwa hakusaidii kitu, maana namba hiyo hutoka kwa mwongo mwenyewe. Kadi mpya ijazwe yote kwa mafaili yanayojulikana, itolewe, irudishwe, kisha kila faili lisomwe na kulinganishwa na asili yake. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nzima au zaidi.

Zoezi

Faili moja katika FAT32 haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295. Kamera hurekodi video kwa kasi ya biti 50,000,000 kila sekunde. Baada ya dakika ngapi italazimika kuanza faili jipya? Je, kadi ya GB 64 itaonyesha namba gani katika kompyuta ya Windows?