Vidonge vingi havitawamaliza wadudu

SWALI: Kikundi chetu kinahifadhi mahindi Songea. Kila msimu tunafukiza kwa vidonge vya fosfini, lakini wadudu wanarudi. Tuongeze vidonge?

JIBU: Hapana, msiongeze. Gesi ya vidonge hivyo ikiwa kali mno, baadhi ya wadudu huzimia tu, kisha huzinduka. Usugu huzaliwa pale gesi inapovuja: dhaifu hufa, wastahimilivu hubaki na kuzaana. Kagueni turubai la kufunikia mahindi mkiliinua kwenye mwanga, zibeni kila tundu, kandamizeni kingo zote kwa mifuko ya mchanga, kisha acheni gesi ikae siku 7 hadi 10. Siku 3 hazitoshi, kwa sababu mayai na pupa ndio wagumu kufa. Wakati wa baridi ongezeni siku.

Mkishafungua na kupitisha hewa, chekecheni mahindi ya magunia kadhaa. Mkikuta wadudu hai, ama gesi ilivuja ama usugu umeingia. Pelekeni sampuli kwa afisa kilimo. Msipokuta, yaelekea wanaingia upya kutoka kwenye masalia ya msimu uliopita, na hapo dawa ni ufagio.

Kazi ya kufukiza mpeni mfukizaji mwenye leseni. Nawasihi, mtu asilale karibu na ghala. Gesi hii inaua. Mahindi ya chakula yatieni kwenye mifuko isiyopitisha hewa: humo wadudu hukosa oksijeni, bila kidonge chochote.