Vitenzi vya Kihispania: Mtendaji Yuko Mwishoni

Ukisikia “tunaimba”, silabi ya kwanza tu imeshakuambia nani anaimba. Kihispania nacho humtaja mtendaji ndani ya kitenzi, ila humweka mwishoni: “cantamos” ni “tunaimba”, na “sisi” imo katika -amos. Kwa hiyo anayeanza kujifunza atege sikio mwisho wa neno.

Tafuta mzizi
Katika kamusi, vitenzi vya kawaida huishia na -ar, -er au -ir. Ondoa herufi hizo mbili. Hablar (kusema) hubaki habl-, comer (kula) hubaki com-, vivir (kuishi) hubaki viv-.

Ongeza mwisho wa nafsi
- yo (mimi): hablo, como, vivo
- tú (wewe): hablas, comes, vives
- él, ella (yeye): habla, come, vive
- nosotros (sisi): hablamos, comemos, vivimos
- vosotros (ninyi): habláis, coméis, vivís
- ellos, ellas (wao): hablan, comen, viven

Orodha ni fupi kuliko inavyoonekana. Mimi ni -o katika makundi yote. Wewe huishia na -s, sisi na -mos, wao na -n. Makundi ya -er na -ir hutofautiana kwa sisi na ninyi tu.

Heshima na mahali
Mtu unayemstahi au usiyemzoea huitwa usted, na kitenzi chake ni kile cha “yeye”: ¿Habla usted español? Vosotros hutumika hasa Uhispania. Amerika ya Kilatini husema ustedes, pamoja na kitenzi cha “wao”: ustedes hablan.

Matumizi
Kiwakilishi, kama yo au tú, si lazima. “Vivo en Bogotá” inatosha kusema “ninaishi Bogotá”. Yo huongezwa kwa kusisitiza au kulinganisha. Wakati huu uliopo hubeba pia mazoea: “como arroz” yaweza kuwa “ninakula wali” au “mimi hula wali”. Kukanusha ni kutanguliza no: “no como”, yaani “sili”.

Matamshi
Herufi h haitamkwi, na v husikika kama b. Neno linaloishia na irabu, n au s huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili: HA-blo, ha-BLA-mos. Habláis, coméis na vivís hukiuka kanuni hiyo, ndiyo maana zina alama ya mkazo.

Vitenzi vinavyotumika sana kama ser (kuwa), ir (kwenda) na tener (kuwa na) havifuati utaratibu wa miisho ulioonyeshwa hapo juu. Vikariri kimoja kimoja.

Jipime
Kwa trabajar (kufanya kazi), beber (kunywa) na escribir (kuandika), sema: tunafanya kazi, unakunywa, wanaandika.
Majibu: trabajamos, bebes, escriben.