Mdogo wangu kocha, huyo kijeba umemtoa wapi?

Barua ya leo imetoka kwa mdogo wangu mmoja wa Morogoro. Ana miaka 23, mchana yuko kijiwe cha bodaboda, jioni anafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 17 kwenye uwanja wa shule ya msingi. Halipwi hata senti. Basi pokea hongera zako kabisa, mdogo wangu, maana zikiisha nitakusema.

Ameniandikia kurasa mbili. Kila wakimaliza mazoezi anawakalisha vijana kwenye nyasi na kuwapa somo: Jumatatu nidhamu, Jumatano ukweli, Ijumaa heshima. Wanaitikia "ndiyo, kocha", wakitoka hapo mmoja kaiba soksi za mwenzake. Sasa anauliza: "Dada, niwaambie maneno gani yawaingie?"

Halafu katikati ya ukurasa wa pili kuna kamstari kamepita kama panya pembeni mwa ukuta. Kanasema Jumamosi wana fainali, mshindi anachukua mbuzi, na mfadhili kawaletea straika "mkubwa kidogo", kasajiliwa kwa cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake. Baada ya hapo barua ikarudi kwenye nidhamu kama vile hakuna lililosemwa.

Nilicheka. Kisha nikairudia ile sehemu, kicheko kikakata.

Mdogo wangu, unadhani vijana wako hawaoni? Huyo straika wenu kijeba, aliyepitiliza umri, ana ndevu zilizonyolewa asubuhi, anaitwa jina la mdogo wake, na huyo mdogo wake mwenyewe kasimama nyuma ya goli anashangilia jina lake. Tena najua umewaonya wote, "Jumamosi asije mtu akateleza akamwita kwa jina lake la kweli." Hilo, mdogo wangu, ndilo somo la ukweli ulilofundisha wiki hii. Hukuhitaji kulirudia, wamelishika siku hiyo hiyo.

Na usiniambie eti kila timu inafanya. Ndiyo, wengi wanafanya, tena hadi juu huko. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, walicheza hadi wakafuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia, halafu Tanzania ikaenguliwa kwa kosa la umri wa mchezaji. Fikiria kijana wa miaka 16 wa kweli aliyekuwa kwenye kile kikosi, ambaye hakughushi chochote, anaambiwa afungue begi, safari hakuna. Baada ya miaka kadhaa mambo yakageuka. Kongo Brazzaville walitutoa kwenye mechi za kufuzu fainali za Gabon 2017, sisi tukakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji wao, CAF ikamwita kwenye kipimo cha MRI, hakutokea. Kongo wakaondolewa, Serengeti Boys wakaenda Gabon. Siku hiyo sote tulishangilia haki. Kumbe tunaijua vizuri tu haki, ila tunaipenda zaidi ikiwa upande wetu.

Kile kipimo chenyewe kinapiga picha kifundo cha mkono kuona kama mfupa umeshaungana kama wa mtu mzima. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana Nigeria mwaka 2009. Mtaani kwenu hakuna MRI, najua. Kipimo pekee kilichopo hapo kwenu ni wewe.

Ngoja nikusimulie. Sekondari nilicheza netiboli, nafasi ya WA, winga wa kushambulia, miguu myembamba lakini mbio ninazo. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mama mfupi, filimbi yake kaifunga kwa kamba ya kiatu. Nusu fainali ya wilaya tumefungana ishirini kwa ishirini, GS wetu, yaani mfungaji, akatupia mpira wavuni wakati filimbi ya mwisho imeshalia. Mwamuzi kageuka pembeni, kijana wa mezani akaandika goli. Wapinzani wakapiga kelele, nani awasikilize? Sisi tumeshaanza kucheza ngoma. Mwalimu akakatiza uwanja taratibu, kainama mezani, kamwambia yule kijana afute. Tukaongezewa muda, tukafungwa kwa mawili. Ndani ya Canter hakuna aliyeongea mpaka shuleni. Mimi nilimnunia hadi tukafunga shule. Naye hakutuita wala kutueleza kitu. Kesho yake saa kumi kamili alikuwa uwanjani, filimbi ile ile. Hotuba zake sikumbuki hata moja, na alikuwa nazo nyingi. Ule mgongo wake ulioinama kwenye meza naukumbuka hadi leo.

Kwa hiyo hayo maneno unayoniomba sina. Wenzetu wa Mathare, Nairobi, chama chao cha michezo ya vijana, MYSA, kilichoanza mwaka 1987, hawakungoja hotuba ziwaingie vijana. Waliliweka jambo ndani ya ligi yenyewe: timu ikitoka kusafisha mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, inapata alama kwenye msimamo. Mkilala siku ya usafi, mtashuka hata kama mnafunga magoli kama mvua. Wana pia kadi ya kijani ya kumpa mchezaji aliyeonyesha uungwana uwanjani. Na usidhani uungwana unaua mpira, maana timu iliyozaliwa humo, Mathare United, ilibeba ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Sasa Jumamosi. Mfadhili mfuate nyumbani kwake, usimtumie ujumbe wa simu. Msalimie shikamoo yako, mshukuru kwa jezi, kisha mwambie, "Mzee, straika uliyeniletea nitamtumia kufundisha, ila si kucheza kwa cheti kile." Akinuna, anune. Jezi akizitaka, mpe zimefuliwa. Huyo kijeba naye usimfukuze kama mwizi, maana ninyi ndio mliomwita. Mweke pembeni akusaidie kufundisha mastraika wadogo, huenda akawa kocha mzuri kuliko wewe. Vijana waambie mwenyewe, kabla hawajasikia kijiweni: nilikosea, nimemtoa. Usiongeze mahubiri hapo. Yule mdogo wake mwenye cheti, kama ana miaka inayotakiwa na anaweza kukimbia, msajili. Angalau jina litarudi kwa mwenyewe.

La mwisho, nililiona ingawa ulilificha: mazoezi ni saa kumi, wewe unafika kumi na nusu kwa sababu ya abiria. Nafahamu hela inatafutwa. Basi sema mazoezi ni kumi na nusu, halafu ufike kumi na robo.

Mnaweza kufungwa, sikufichi. Mnaweza kufungwa tano bila na mbuzi akaenda mtaa wa pili huku mnamwangalia. Niandikie Jumatatu usiku uniambie matokeo, na uniambie siku hiyo walikuja mazoezini wangapi.