Usiuachie Uso Useme: Mwongozo kwa Wasimamizi na Wafanyakazi

Mwongozo huu ni kwa wanaofanya kazi na mtu mwenye baipola, ugonjwa unaompandisha mtu katika uchangamfu uliopita kiasi, kisha ukamtumbukiza katika huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa nao.

Kupanda na kushuka huko wengi wanakujua. Wasilolijua ni kwamba baadhi ya wagonjwa hupata shida kutambua hisia katika nyuso za wenzao. Watafiti hulipima jambo hili kwa picha za nyuso zenye furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa au mshangao. Mwaka 2002, Anna Lembke na Terence Ketter wa Marekani walieleza kwamba wagonjwa waliokuwa katika kipindi cha kupanda walishindwa zaidi kutambua hofu na kinyaa. Tafiti nyingine zimeona upungufu, japo mdogo, hata kwa waliokwisha kutulia. Si wote, wala si kwa kiasi kimoja. Na si utovu wa adabu.

Tazama linavyotokea kazini. Msimamizi anasoma ripoti ya mauzo kwenye kompyuta, kakunja uso kwa sababu miwani kaisahau nyumbani. Aliyeiandika anapita, anauona uso ule, anarudi mezani kwake akiamini kazi yake imekataliwa. Siku nzima hafanyi kitu. Kumbe sentensi moja ingetosha: “Kaka Juma, ripoti nimeipata, bado naisoma, utapata jibu saa nane.”

Kwa hiyo, linalokuridhisha litamke, na linalokuudhi litamke pia, faraghani na kwa sauti ya kawaida. Mwenzako akishika mazungumzo kikaoni bila kuona kwamba watu wamechoka, msikonyezane. Mwenyekiti aseme, “Ahsante dada Rehema, hoja yako imeandikwa. Sasa tumsikie Hamisi.” Katika vikao vya mtandaoni, ambako uso ni kijipicha tu, haja ya kusema ni kubwa zaidi.

Lakini pana hila moja ambayo wasimamizi wajihadhari nayo. Mfanyakazi akikuambia umemkasirikia, usikimbilie kusema ni ugonjwa wake. Huenda kweli umemkasirikia. Kama ndivyo, kiri na utaje sababu.

Nawe unayeishi na baipola, una haki ya kuuliza: “Bosi, kuna kasoro katika kazi yangu, au ni jambo jingine?” Uliza mapema, kabla dhana haijakunyima usingizi, maana kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuamsha kipindi cha kupanda. Kwa sababu hiyo hiyo, zungumza na daktari wako kuhusu zamu za usiku kabla ya kuzikubali.

Msimamizi aliyeelezwa hali ya mfanyakazi asiipeleke kwa mwingine bila idhini ya mwenyewe, hata kwa nia ya kumsaidia.