Sa'yi Katika Grafu

Ndugu zetu wanaojiandaa kuwa walimu wa sayansi hukutana na tatizo hili: mwanafunzi akiona grafu ya umbali na wakati ikipanda, husema mtu anapanda mlima. Anaisoma kama picha ya njia.

Kihisi mwendo hutibu hilo. Hutoa mlio usiosikika na sikio la binadamu, husubiri mwangwi, kisha hupiga hesabu. Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.01, aliye mbele yuko umbali wa mita 1.7, maana sauti imekwenda na kurudi. Mwanafunzi anatembea, mstari unajichora papo hapo. Hiyo papo hapo ndiyo dawa yenyewe: mwaka 1987 Heather Brasell alionyesha kuwa grafu ikicheleweshwa sekunde 20 hadi 30 tu, faida kubwa hupotea.

Jaribuni hili (ni mfano wa darasani, si ibada). Upande wenye kihisi uiteni Safa, ukuta wa pili Marwa. Mmoja atembee safari 7. Mstari utapanda mara 4, utashuka mara 3, na kuishia juu, kwa kuwa sa'yi huishia Marwa. Akisimama kuomba dua, mstari unalala. Akiharakisha, kama wanaume kati ya taa za kijani, unakuwa mkali zaidi.

Kabla hajatembea, achore anachotarajia. Yupo atakayeurudisha mstari kushoto: mwulize kama wakati nao unarudi nyuma.